Sikio la kioo: kumbukumbu za bahari yetu zitakuwa za nani?

Mwezi wa Februari mwaka 2012 meli moja ilitia nanga nje ya bandari ya Mombasa, pahala palipokatazwa kutia nanga. Nanga ile ikaukata waya wa TEAMS, ambao tangu mwaka 2009 unatuunganisha na Fujairah kule Falme za Kiarabu. Intaneti ikalegea Kenya na kwa majirani kadhaa. Nanga ya meli kubwa si kijiwe. Ni chuma cha tani kadhaa, na mnyororo wake ukiteremka hutoa kishindo. Kishindo kile kilipita majini mpaka chini, na waliokisikia ni samaki peke yao. Sisi tulijua pale mitambo iliposita.

Mwezi wa Februari mwaka 2024 nyaya za Bahari ya Shamu zikakatwa, na mtuhumiwa mkubwa akawa ni nanga ya Rubymar, meli iliyopigwa kombora ikaachwa inaelea. Mwezi wa Mei mwaka huo huo zikakatika nyaya mbili, EASSy na SEACOM, upande wa kusini baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Aliyekuwa akituma pesa, aliyekuwa akifanya mtihani kwenye kompyuta, na aliyekuwa akizungumza na mwanawe aliye Jeddah, wote walionja.

Wazee wetu walisema sikio halilali njaa. Lakini kwa upande wa bahari, sikio la sisi Wapwani limelala njaa miaka mingi. Bahari inasema usiku na mchana, na hatuna chombo cha kuisikiliza wala daftari la kuandika ilichosema.

Leo nataka tuzungumze juu ya sikio jipya linalotengenezwa katika maabara za ng'ambo. Ni sikio la kioo, dogo kiasi kwamba ishirini yake yakipangwa sambamba hayazidi upana wa punje ya mchele. Linasikia sauti ambazo mwanadamu hazisikii, na lina ndugu yake anayehisi sumaku. Mimi si mwanasayansi. Nilichonacho ni diploma ya umeme na hamu ya kusoma. Jambo lenyewe, hata hivyo, si gumu likielezwa kwa lugha ya nyumbani, na tukilielewa mapema tutajua la kudai kabla ya wengine kutuamulia.

Mnong'ono ndani ya kuba

Jijini London kuna kanisa kuu la St Paul's, na ndani ya kuba lake mna ujia wa mviringo. Mtu akinong'ona karibu na ukuta upande huu, aliye upande wa pili, umbali wa zaidi ya mita 30, humsikia kana kwamba yuko begani pake. Mwanafizikia Lord Rayleigh alilieleza jambo hilo mwaka 1878. Sauti ile haivuki katikati ya kuba. Inautambaa ukuta, inagonga na kuruka, inagonga na kuruka, mpaka inafika ng'ambo.

Wanaoswali katika misikiti yetu ya zamani wanaijua siri hii kwa njia nyingine. Imamu ameelekea ukutani, amewapa watu mgongo, hana kipaza sauti, na bado kisomo chake kinafika safu za nyuma, kwa kuwa mviringo wa mihrabu unairudisha sauti kwa maamuma. Waashi wetu walijua kwamba umbo la ukuta lina kazi katika kusikia.

Nuru nayo ina tabia hiyo. Ikiwa ndani ya kioo na ikagonga ukingo kwa upembe, hurudi ndani, haitoki. Ndiyo maana husafiri maelfu ya kilomita ndani ya faiba, na waya wa TEAMS si kitu kingine ila nyuzi za kioo zilizofunikwa vizuri. Sasa chukua kioo hicho, kifanye pete iliyo nyembamba kama unywele, kisha tia nuru ya leza ndani yake. Itazunguka kama ule mnong'ono wa London.

Mwaka 2003 watafiti wa chuo cha Caltech, California, walionyesha pete za namna hiyo zilizojengwa juu ya kipande cha silikoni, kama vile vinavyotumiwa kwenye kompyuta. Ndani ya pete hizo nuru huzunguka mara elfu nyingi kabla ya kufifia, na hayo yote hutendeka katika muda usiofika hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Vipete hivyo huitwa mikroresoneta.

Watoto wakicheza pembea, anayesukuma kwa wakati wake humrusha mwenziwe juu. Anayekosea wakati huizima pembea. Nuru pia huingia na kujaa ndani ya pete ikiwa tu mawimbi yake yanaenea mzingo wa pete barabara, bila kuzidi wala kupungua. Sauti ikija ikaibonyeza pete, mzingo ule hubadilika kidogo mno, pengine chini ya upana wa atomu moja. Lakini kwa kuwa nuru imezunguka mara elfu nyingi, kosa lile dogo nalo limejumlishwa mara elfu nyingi. Nuru inayotoka hubadilika mwangaza, na mtambo unaandika: hapa pamepita sauti.

Kundi lililopiga hatua kubwa katika jambo hili liko Chuo Kikuu cha Queensland, mjini Brisbane, Australia, chini ya Profesa Warwick Bowen. Mwaka 2019 walichapisha matokeo ya kifaa chao cha kusikia mawimbi ya sauti yaliyo juu ya uwezo wa sikio letu. Walisema kinaweza kuhisi msukumo mdogo unaolingana na uzito wa kirusi kimoja. Kirusi, si kunguni wala mbu. Kitu ambacho hata darubini ya shuleni haikioni.

Ndugu yake anayehisi sumaku

Sumaku si mgeni kwetu. Kabla ya setilaiti, nahodha wa Lamu aliyekuwa akienda Maskati alikuwa na nyota, maji, upepo wa msimu na dira. Sindano ya dira huvutwa na uga wa sumaku wa dunia. Uga huo tunauona mkubwa kwa kuwa unageuza sindano, lakini ukweli ni kwamba ni dhaifu. Kipande cha sumaku kinachobandikwa mlangoni mwa friji kina nguvu kupita huo mara nyingi.

Watu wa Queensland waliuliza: ikiwa pete yetu inasikia sauti kwa kubonyezwa, je, sumaku haiwezi kufanywa ibonyeze? Wakachukua madini yaliyochanganywa yanayoitwa Terfenol-D. Haya yakiwekwa penye sumaku hurefuka kidogo, na sumaku ikipungua hurudi. Wakaweka chembe yake pamoja na pete ya kioo. Sumaku ikibadilika, chembe hutanuka, kioo hubonyezwa, nuru husema.

Mwaka 2012 kifaa chao kilihisi uga unaobadilika wa kiasi cha nanotesla 400. Uga wa dunia, pale ulipo dhaifu kabisa, ni karibu nanotesla 25,000. Miaka miwili baadaye walikuwa wamefika pikotesla 200, yaani wameboresha mara 2,000. Hicho ni kipimo kisichofika hata sehemu moja ya laki ya ile nguvu iliyokuwa ikimwongoza nahodha wetu.

Vifaa vya kuhisi sumaku kwa ustadi mkubwa vilikuwapo kabla. Vile maarufu zaidi, vinavyotumiwa katika hospitali chache za dunia kusikiliza sumaku ya ubongo, hutengenezwa kwa madini ya niobiamu na lazima vipozwe kwa heliamu ya majimaji mpaka nyuzi 269 chini ya sufuri. Nani atakayeweka mtungi wa heliamu ndani ya ngalawa? Sikio la kioo halihitaji baridi hiyo. Linafanya kazi katika joto la kawaida la chumba, na hapo ndipo ilipo faida yake.

Nisiwapige chuku. Vifaa hivi vingi bado viko maabara. Joto likipanda kidogo tu, kioo hutanuka na kipimo hupotea mpaka kirekebishwe. Maji ya chumvi hula kila kitu, na kila mwenye boti anajua. Tena pete haifanyi kazi peke yake. Inataka leza, inataka faiba ya kuleta nuru na kuirudisha. Moyo wa mwanadamu hutoa sumaku ya makumi tu ya pikotesla, kwa hivyo hata kipimo kile cha 200 kilikuwa hakijaufikia. Lakini teknolojia iliyoboreshwa mara 2,000 kwa miaka miwili si ya kusubiriwa mpaka ibishe hodi.

Waya unaosikia

Pete ina jamaa yake ambaye ameshatoka maabara. Ni ile faiba yenyewe. Ukipeleka nuru ya leza ndani ya faiba, chembe kidogo ya nuru hurudi nyuma kutoka kila sehemu ya waya. Mahali waya unapotikiswa, nuru inayorudi kutoka hapo hubadilika. Kwa hiyo mtambo mmoja uliofungwa nchi kavu, mwishoni mwa waya, huufanya waya kuwa mstari mrefu wa masikio. Asili yake na ya pete ni moja: kioo kikinyooka au kubonyea kidogo, nuru hutoa siri.

Mwaka 2022 watafiti wa Norway walitoa matokeo yao walipoutumia waya wa mawasiliano wa kawaida kule Svalbard, karibu na ncha ya kaskazini. Waliwasikia nyangumi, kwenye urefu wa kilomita 120 za waya ambao haukuwekwa kwa ajili ya nyangumi. Sisi pia tunao nyangumi. Kila mwaka, takriban Julai hadi Septemba, wanapita Watamu, Malindi na Diani wakitoka kusini. Nyaya nazo zipo, zimelala mlangoni petu Mombasa. Umbali uliobaki baina ya vitu hivyo viwili ni mtambo, mtaalamu na ruhusa.

Fikiria basi ingekuwaje mwaka 2012. Meli inapunguza mwendo mahali pasipofaa, waya unasikia injini, unasikia mnyororo ukianza kuteremka, na afisa wa bandari anashika redio. Pengine tungesalimika.

Lakini mimi nafikiria jambo jingine zaidi ya intaneti. Nafikiria Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata kutokana na ujenzi wa bandari. Safari ya kufika hukumu ile ilikuwa ndefu, na ya malipo ikawa ndefu zaidi. Mvuvi anapokwenda mahakamani anakwenda na nini? Anakwenda na mdomo wake. Anasema, samaki walikuwa hapa, sasa hawapo, maji yamechafuka, kelele zimezidi. Upande wa pili unakuja na ripoti za wataalamu, majedwali na ramani. Mnyonge ana ushahidi wa macho, mwenye nguvu ana ushahidi wa karatasi.

Sasa chukulia kwamba bahari ya Lamu ilikuwa ikirekodiwa tangu miaka kumi kabla ya mashine ya kwanza kushuka majini: sauti ya matumbawe yenye uhai, sauti ya makundi ya samaki, kisha sauti ya machimbo, kisha kimya. Rekodi kama hiyo haina hofu kizimbani, na wakili hawezi kuichanganya kwa Kiingereza. Ndiyo maana nasema suala la masikio haya ni la haki kabla ya kuwa la sayansi. Mwenye sikio ndiye mwenye kumbukumbu, na mwenye kumbukumbu ndiye anayeaminiwa.

Mrima na madini ya sikio

Turudi kwenye ile Terfenol-D. Jina hilo limeundwa kwa vipande: terbiamu, chuma, maabara ya jeshi la majini la Marekani ilikobuniwa, na disprosiamu. Terbiamu na disprosiamu ni katika yale yanayoitwa madini adimu. Niobiamu nayo tumeshaitaja, na kazi yake haikuishia kwenye vile vifaa vya baridi kali. Ikichanganywa na lithiamu hutoa fuwele inayotumiwa siku hizi kutengeneza vipande vya kuongoza nuru, zikiwemo mikroresoneta mpya.

Msomaji wa Kwale ameshaelewa naelekea wapi. Mlima wa Mrima unajulikana kwa niobiamu na madini adimu. Mlima huo huo ni msitu wa hifadhi, na ni kaya, mahali pa heshima pa Wadigo. Mwaka 2013 serikali iliifuta leseni ya kampuni ya Cortec iliyotaka kuchimba pale. Kesi ikaenda mpaka mahakama ya usuluhishi ya uwekezaji ya kimataifa, na mwaka 2018 Kenya ikashinda, kwa kuwa leseni haikupatikana kwa kufuata sheria, zikiwemo za mazingira. Miaka ya karibuni wageni wamerudi kuutazama mlima ule, zikiwemo kampuni kutoka Australia, na mataifa makubwa yanagombania madini ya namna hiyo kila pembe ya dunia.

Sisemi madini ya Mrima ndiyo yatakayoingia katika pete za Brisbane. Pete moja inataka chembe tu. Ninachosema ni kwamba tunaulizwa maswali ya bei ya udongo bila kujua udongo unakwenda kuwa nini. Anayeuza nazi hajui bei ya tui mpaka aingie jikoni. Kijana wa Kwale anayejua kwamba niobiamu ni nuru, ni hospitali, ni sikio la manowari, atakaa katika kikao cha madini kwa namna tofauti na yule aliyeambiwa kwamba ni mawe mekundu tu.

Hapa pana tofauti ambayo nataka ikae akilini. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 serikali kuu, asilimia 20 kaunti, asilimia 10 jamii ya pale pale. Tunaweza kulalamika kwamba ni kidogo, au kwamba huchelewa kufika. Lakini angalau jamii imetajwa. Kwa sauti ya bahari, kwa sumaku ya sakafu yake, kwa kumbukumbu zinazochotwa humo, ni sheria gani inayomtaja mvuvi wa Kipini? Mimi sijaiona.

Pengo la sheria

Tunao mkataba wa kimataifa wa sheria ya bahari, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1989. Mkataba huo unasema utafiti wa kisayansi ndani ya ukanda wa maili 200 za baharini unahitaji idhini ya nchi yenye pwani. Unasema pia kwamba nchi hiyo ina haki ya kushiriki katika utafiti, kupewa matokeo na kufikia data. Haki hiyo ni nzuri sana, ijapokuwa wengi wetu hatuijui.

Ila waliouandika walikuwa na picha ya meli ya utafiti mbele yao: inakuja, inaomba ruhusa, inashusha vyombo, inaondoka. Hawakuwa na picha ya waya wa intaneti ambao kazi yake rasmi ni kupitisha WhatsApp, na papo hapo unasikia kila kinachopita juu yake. Je, huo ni utafiti? Ni mawasiliano? Ni ulinzi? Mwenye mtambo anaweza kuchagua jina linalompunguzia masharti. Na mtambo wenyewe ni sanduku ndani ya chumba chenye kiyoyozi, hauonekani kutoka ufukweni kama meli inavyoonekana.

Tusisahau ulinzi. Teknolojia ya kusikia chini ya maji haijawahi kuwa mbali na majeshi. Hata Terfenol-D ilizaliwa katika maabara ya jeshi la majini. Nyambizi ni chuma, na chuma kikubwa huvuruga uga wa sumaku unaokizunguka. Mwenye kifaa kikali cha sumaku anaweza kuihisi hata ikizima injini. Mwaka 2021 Australia, Uingereza na Marekani zilitangaza mapatano yao ya AUKUS, ambayo pamoja na nyambizi yanagusa teknolojia za kwanta na uwezo wa chini ya bahari. Bahari ya Hindi imo katika hesabu zao, na sisi tunaishi kandokando yake.

Sikio likigeuka la jasusi

Kuna jambo ambalo nikilinyamazia nitakuwa nimewadhulumu wasomaji. Waya unaosikia nyangumi baharini unaweza pia kusikia nchi kavu. Faiba iliyozikwa kando ya barabara huhisi mtetemo wa magari, na hata wa hatua za miguu. Miji yetu imetandazwa faiba kutoka Likoni mpaka Mtwapa.

Pwani hii ina kidonda chake. Wako kina mama hapa ambao wana wao walichukuliwa, na mpaka leo wanangoja habari. Jamii iliyopitia hayo haiwezi kuambiwa kwamba limekuja sikio jipya kisha ikapiga vigelegele tu. Dini yetu, katika Surat al-Hujurat, imekataza kupelelezana. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu, na mwaka 2019 tukapata Sheria ya Ulinzi wa Data. Ila sheria hiyo inamtazama mtu mwenye jina na nambari ya simu. Mtetemo wa hatua zako uchochoroni hauna jina, mpaka siku mtu atakapoupa jina.

Wapo watakaosema, basi tukatae kabisa. Sikubaliani nao. Tukikataa, nyaya hazitaacha kusikia; zitasikia bila sisi. Kisu jikoni ni cha kukatia vitunguu na kinaweza kuua, na dawa yake haikuwa kuacha kula vitunguu. Dawa ni kujua kisu ni cha nani, kiko wapi, na nani anakishika usiku.

Tudai nini?

Kwanza, kila leseni ya waya wa baharini unaotua Kenya iwe na kifungu kinachomlazimisha mwenye waya kutangaza ikiwa anautumia kusikiliza, anasikiliza nini, na data inakwenda wapi. Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayotoa leseni. Iulizwe na wabunge wetu, na iulizwe bungeni, si kwenye chai.

Pili, nakala ya rekodi za sauti na sumaku zinazochotwa katika bahari yetu ibaki Mombasa, katika taasisi ya utafiti wa bahari ya KMFRI, ambayo makao yake yako hapa hapa. Tunataka nakala kamili, maana muhtasari wa kurasa mbili hauna faida kortini.

Tatu, vikundi vya usimamizi wa fuo, vile tunavyoviita BMU, vipewe haki ya kuomba rekodi hizo vinapokuwa na shauri. Mvuvi asilazimike kuajiri mtaalamu kutoka ng'ambo ili kuthibitisha kelele zilizofukuza samaki wake.

Nne, rekodi za nchi kavu zitengwe na za baharini, na zisiguswe na yeyote bila ya amri ya mahakama.

Tano, elimu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi vina vijana wenye akili. Pete ya kioo inataka maabara ya gharama, lakini kusoma ishara za nuru kutoka kwenye faiba, kuzichuja na kutofautisha injini ya boti na wimbo wa nyangumi, hiyo ni kazi ya kompyuta na ya mtu anayeijua bahari. Kijana wa Shela au Vanga aliyekulia ndani ya mashua ana nusu ya elimu hiyo tayari. Ampate wa kumpa nusu ya pili.

Marehemu babu yangu alikuwa mvuvi wa Gazi. Alikuwa akizima taa, akanyamaza, kisha akalaza sikio kwenye ubao wa mtumbwi. Sisi watoto tulicheka. Yeye alikuwa akisikia mkwaruzo wa samaki kwenye matumbawe, na mara nyingi alipotwambia tusubiri tulisubiri, na mara nyingi alipotwambia twende hatukurudi mikono mitupu. Alipofariki, alikwenda na yote aliyoyasikia kwa miaka hamsini. Hakuna aliyeandika.

Sikio la kioo lina uwezo wa kufanya alichokifanya babu na zaidi, na halisahau. Kitakachoamuliwa miaka hii michache ijayo ni daftari lake litawekwa kwa nani. Mheshimiwa mbunge wako akija kukuomba kura, baada ya kumuuliza habari za maji na za hati za ardhi, muulize na hili.